Kuanzisha kikundi cha muziki wa asili wa Kiayalandi mtaani kwako: mwongozo kamili

Binti yangu alikuwa na miaka minane aliporudi kutoka shule na filimbi ya bati mkononi. Hapa Ayalandi shule nyingi za msingi huanza kuwafundisha watoto muziki kwa filimbi hiyo: matundu sita, mdomo wa plastiki, bei yake kama euro 10 hadi 15. Yeye aliichoka kabla ya Pasaka. Mimi niliyekuwa namsimamia mazoezi ndiye niliyenasa. Nikawa napiga jikoni watu wakishalala, kisha nikaanza kutafuta wenzangu wa kupiga nao.

Sesheni ya karibu, yaani kikao cha wapigaji wanaoketi kwa mduara na kupiga pamoja, ilikuwa mji wa pili kutoka kwetu, kaunti ya Kildare. Wale walikuwa mafundi hasa. Wakianza lahani, inakwenda kama gari lililokatika breki, na kabla sijatambua ni ipi wameshahamia nyingine. Nilikaa pembeni miezi minne, filimbi haikutoka mfukoni. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha. Mwishowe mimi na jirani yangu, mama wa makamo aliyeiweka konsatina yake (ndugu mdogo wa akodiani) darini tangu alipoolewa, tukaamua kuanzisha kikundi chetu. Sasa kinaingia mwaka wa saba.

Namwandikia Mswahili mwenzangu aliyeko Dublin, Leeds, Boston au Toronto, ambaye muziki huu umemwingia masikioni na hautoki tena, na anakoishi hakuna kikundi, au kipo lakini hakina nafasi ya mwanafunzi. Si lazima uwe Mwayalandi, wala si lazima uwe fundi. Jambo moja tu nakuomba ulishike: mtu anayekuja kwa mara ya kwanza, anayejua lahani moja na mikono inamtetemeka, lazima apige kabla hajarudi kwake. Ukumbi, siku, viti, kasi, adabu, vyote vipangwe kwa ajili yake. Mafundi wana pa kwenda.

Hatua ya kwanza: jua unachokianzisha

Wengi hudhani muziki huu ulizaliwa baa. Kwa vizazi vingi ulipigwa jikoni, ghalani na kwenye njia panda, na ulipigwa ili watu wacheze. Mwaka 1935 ilipitishwa sheria iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na leseni, na dansi za majumbani nazo zikabanwa. Kisha maelfu wakavuka kwenda Uingereza kutafuta kazi za ujenzi na uuguzi. Vyumba vya kupanga vya London havikuwa na jiko la kuketisha watu ishirini, kwa hiyo wapigaji wakaingia baa. Sesheni ya baa tunayoiona leo ilishika mizizi kwa kiasi kikubwa huko ughaibuni, miaka ya 1940 na 1950, ndipo ikaenea nyumbani. Mwaka 1951 wapenzi wa muziki waliokutana Mullingar wakaunda chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann (Comhaltas hutamkwa karibu na "koltasi"), ambacho leo kina mamia ya matawi ndani na nje ya nchi.

Naieleza historia hii kwa sababu ina kazi. Ukishajua kwamba baa ni mgeni tu katika muziki huu, hutaona aibu kuanzisha kikundi chako kwenye maktaba, chai mezani.

Sesheni yenyewe haina jukwaa, haina kiongozi wa kuonyesha kwa fimbo, na hakuna aliyewekewa karatasi mbele. Watu wanaangaliana, migongo iko kwa wasikilizaji. Wote wanapiga lahani moja ile ile, kila mmoja akiipamba kwa namna ya chombo chake. Aliyekulia pwani akisikia taarab ya zamani, ambapo fidla, udi, kanuni na akodiani hufuatana kwenye wimbo mmoja na kila kimoja kina madoido yake, ataelewa upesi kuliko mtu aliyefundishwa kwaya ya sauti nne.

Lahani nyingi zina sehemu mbili. Kila sehemu ina vipimo 8 (kipimo ni kifungu kidogo cha mapigo) na kila moja hurudiwa, jumla vipimo 32. Lahani nzima hupigwa kwa kawaida mara tatu, kisha bila kusimama mnaingia nyingine, na pengine ya tatu. Mfuatano huo ndio seti. Aina kuu ni rili, inayohesabiwa nne nne, na jigi, inayohesabiwa tatu tatu. Kuna pia honipaipu, inayodundadunda, na polka, ambayo pamoja na slaidi, ndugu ya jigi, hupendwa mno Sliabh Luachra, mpakani mwa kaunti za Cork na Kerry. Kwa kuanzia inatosha sikio lako litofautishe rili na jigi. Piga mguu: ukijikuta unayumba kama mtu aliyepanda punda, ni jigi.

Hatua ya pili: amua ni kikundi cha nani

Kuna sesheni ya wazi, ambapo yeyote anakuja na kasi ni ya wakubwa. Kuna darasa, ambapo mwalimu analipwa na wanafunzi wanalipa ada. Katikati kuna sesheni ya polepole: watu wanapiga pamoja, lakini kwa kasi ambayo mwanafunzi wa mwaka mmoja anaiweza, na lahani zinajulikana mapema.

Anza na hiyo ya polepole. Darasa peke yake hufa siku mwalimu anapohama, na sesheni ya wazi huwameza wanafunzi, nilishamezwa, najua. Rili ya mafundi huenda karibu mapigo 110 kwa dakika, ukihesabu mapigo mawili kwa kila kipimo. Sisi huanza 60 hadi 70, na lahani ikishakaa vidoleni tunapandisha hadi 80. Kwa kasi hiyo ndipo unapousikia uzuri wa lahani, na hata mafundi wanaotutembelea hukiri hivyo.

Ukishaamua, liandike neno "polepole" kwenye tangazo lako kwa herufi kubwa.

Hatua ya tatu: tafuta watu wanne

Wanne wanatosha kabisa. Mmoja awe na lahani thelathini au zaidi kichwani na awe na subira. Huyu ndiye nguzo, na asiyekuwa na subira hafai hata akiwa na lahani mia tano. Wa pili awe na mguu unaoshika mapigo bila kukimbia. Wengine wawili wawe wanafunzi kama wewe, wenye hamu.

Wanapatikana wapi? Uliza kwa walimu wa shule za msingi, kwenye klabu ya GAA (chama cha michezo ya asili ya Kiayalandi), parokiani, kwa wanaocheza dansi za seti (dansi za asili za jozi nne), kwenye ubao wa matangazo wa maktaba na wa duka la jumla. Ayalandi imejaa watu waliofundishwa fidla au akodiani wakiwa watoto wakaiacha walipofika miaka kumi na sita. Hao ndio hazina yako. Wana muziki ndani, ila wanaona haya kurudi kwa sababu wanadhani wamesahau. Tangazo letu liliandikwa kwa ajili yao:

"Je, uliwahi kupiga filimbi, fidla, konsatina au akodiani ukiwa mtoto? Njoo nayo Jumanne saa 1:30 usiku, chumba cha juu cha ukumbi. Tunapiga POLEPOLE. Hakuna mtihani. Chai ipo."

(Kwenye tangazo lenyewe tuliandika saa kwa hesabu ya kwao, bila shaka.) Jumanne ya kwanza walikuja watu tisa. Bwana mmoja alifungua sanduku la fidla lililofungwa kwa kamba; ndani nyuzi mbili zimekatika, na ulimbo wa upinde umepasuka vipande kama sukari guru. Alikuwa tayari kulifunga aondoke. Jirani yangu alimpa filimbi ya akiba, akapiga jioni nzima lahani aliyofundishwa na babu yake, na machozi yalimtoka. Tangu siku ile mfuko wa kikundi haukosi vitu vitatu: seti ya nyuzi za fidla, ulimbo mzima, na filimbi tatu za D (za ufunguo wa D) za kuazima. Vinunue kabla ya siku ya kwanza. Ni gharama ndogo inayomzuia mtu kugeukia mlangoni.

Hatua ya nne: mahali na siku

Hapa ndipo sisi tulipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki sita za mwanzo tulikuwa kwenye baa. Mwenyewe alitukaribisha vizuri, akatupa kona. Lakini juu ya kona kulikuwa na televisheni, na Jumanne ni siku ya mpira wa Ulaya. Goli likiingia hatusikii hata filimbi zetu. Tukahamishiwa kwenye njia ya chooni. Juu ya hayo, kwa sheria ya Ayalandi watoto hawaruhusiwi kubaki baa baada ya saa 3 usiku, au saa 4 usiku kuanzia Mei hadi Septemba, kwa hiyo kijana wetu wa miaka kumi na mitatu aliondoka kila siku katikati ya seti. Na mimi, mtu wa Tanga nisiyekunywa pombe, nilikuwa nanunua soda nisizozitaka ili tusionekane tumekalia viti bure.

Tulihamia chumba cha juu cha ukumbi wa jumuiya na mambo yakatulia. Baa nzuri ipo, na ukiipata yenye chumba cha nyuma na mwenyewe anayependa muziki, shukuru. Lakini kwa kikundi kinachoanza ningetafuta chumba kimya: maktaba, ukumbi wa parokia, chumba cha klabu, hata jiko kubwa la mtu.

Ukienda kukagua chumba, piga makofi mara moja katikati. Sauti ikirudi kwa mwangwi mkali, vyombo kumi vitakuwa kelele. Tafuta chenye zulia au mapazia. Kagua viti: visiwe na mikono. Mpiga fidla na mpiga akodiani wanahitaji viwiko huru, na wa bodhrán, ngoma ya fremu, anahitaji paja lake. Hakikisha pana birika na pa kuoshea vikombe. Angalia kama mzee mwenye fimbo anaweza kupanda. Chumba chetu kiko juu lakini kina lifti, na bila hiyo tungempoteza mpiga fidla wetu bora.

Viti vipangwe mduara mmoja, magoti yakikaribiana. Watu wakiwa zaidi ya kumi na watano mduara unakuwa mpana, wa upande wa pili hawasikiki vizuri, na kasi inaanza kuvutana kama kamba. Hapo gawanyeni miduara miwili vyumba viwili.

Siku iwe moja kila wiki, saa ile ile, mvua inyeshe au theluji ianguke. Mara moja kwa mwezi haitoshi, maana anayekosa moja amekaa miezi miwili bila kupiga, na hatarudi. Msiahirishe kwa sababu watu ni wachache. Januari moja tulikuwa wawili tu, mimi na jirani. Tukapiga saa mbili nzima. Ukiahirisha mara mbili, watu wanaanza kupiga simu kwanza kuuliza kama mtakuwepo, na anayeuliza kwanza, wiki ya tatu haulizi tena.

Hatua ya tano: lahani za mwanzo, na jinsi ya kuzifundisha kwa sikio

Chagua kumi tu kwa miezi mitatu ya kwanza. Chagua zile zinazopigwa kila mahali, ili mtu wako akienda sesheni nyingine akute anachokijua. Ziwe kwenye ufunguo wa D au wa G, au zile za mkao wa E wenye huzuni, kwa sababu filimbi ya D huzipiga bila kuhangaika. Sisi tulianza na jigi mbili, The Kesh na The Connaughtman's Rambles, rili ya Cooley's, honipaipu ya The Boys of Bluehill, na polka iitwayo The Britches Full of Stitches. Usishangae mtu akikuambia anaijua lahani hiyo kwa jina lingine. Lahani moja huweza kuwa na majina matano, na jina moja lahani tatu.

Wengi wataomba karatasi. Noti zilizoandikwa zipo tele, na hazikatazwi. Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha mwaka 1903 mkusanyiko wa lahani 1,850, nyingi zikiwa zimetoka kwa wahamiaji wenzake, na muda wa hakimiliki yake umeshakwisha. Kumbukumbu ya Taifa ya Muziki wa Asili iliyoko Dublin, iliyoanzishwa mwaka 1987, ina rekodi na maandishi yasiyohesabika. Vitumie nyumbani kujikumbusha. Lakini kwenye mduara, karatasi iwekwe chini ya kiti. Mwenye macho kwenye karatasi hamsikii jirani yake, na noti zilizochapishwa hazionyeshi ule mdundo na ile mikato ya vidole ambayo ndiyo roho ya muziki wenyewe.

Hivi ndivyo tunavyofundisha, nikichukua The Kesh kwa mfano. Kwanza nguzo wetu anaipiga nzima mara tatu, polepole, na hakuna anayegusa chombo. Watu wanasikiliza tu. Mara ya tatu tunaomba waivumishe mdomoni. Asiyeweza kuivumisha hataweza kuipiga, hili nimelithibitisha kwangu mwenyewe.

Kisha tunachukua kipande cha kwanza. Kwenye filimbi ya D ziba matundu matatu ya juu: hiyo ni G. Ikae mapigo matatu. Kisha G tena, ondoa kidole kimoja upate A, kingine upate B. Simama. Rudia, kundi zima, mara nne au tano. Kipande cha pili kinaanza A, nayo inakaa mapigo matatu, halafu A, B, na kuruka hadi D ya juu. Hapo huwa nawasimamisha niwaulize: mmesikia nini? Kila mwaka yupo mmoja anayepiga kelele: "Ni kile kile, kimepanda ngazi!" Kweli, umbo ni lile lile, mwisho tu umechupa zaidi. Akishaliona hilo, ameacha kukariri vidole na ameanza kusikia sentensi. Unganisha vipande viwili, kisha ongeza cha tatu, kisha rudi mwanzo. Sehemu moja kwa wiki inatosha. Wiki inayofuata, sehemu ya pili.

Waruhusu warekodi kwa simu ile mara ya polepole. Rekodi hiyo, ikisikilizwa garini au wakati wa kuosha vyombo, inafundisha kuliko saa nzima ya kukodolea karatasi.

Hatua ya sita: jioni yenyewe

Jioni yetu huchukua muda wa saa mbili. Robo saa ya kwanza ni salamu na kutyuni vyombo. Kila kitu kifuate A ya mitetemo 440 kwa sekunde, na kwa kuwa konsatina na akodiani hazityuniwi papo hapo, fidla na banjo ndizo zinazozifuata. Programu ya kutyuni ya simu inatosha. Nusu saa inayofuata ni lahani ya wiki. Kisha chai, na chai isiharakishwe, maana ndipo watu wanapojuana na ndipo utakapojua nani amefiwa na nani anahitaji kuletwa na gari.

Baada ya chai tunazunguka. Tunaanza kushoto kwa mlango, na kila mtu kwa zamu yake anachagua lahani na kuianzisha kwa kasi yake yeye. Wengine wanaingia nyuma yake na hawamsukumi. Kanuni hii ndogo ndiyo iliyokiweka hai kikundi chetu. Mgeni mwenye lahani moja anapata zamu kama fundi mwenye mia tano. Akiwa hajui hata moja, anaomba apigiwe anayoipenda. Akikwama katikati, wenzake wanaibeba lahani mpaka arejee.

Kubadilisha lahani ndani ya seti kunachanganya wageni, basi mwenye zamu ainue mguu au aseme "hop!" vipimo viwili kabla. Akitaka kumaliza, afanye vivyo hivyo.

Mtu akitaka kuimba, chombo kinalala mapajani na chumba kinanyamaza. Uimbaji wa kale wa Kiayalandi, uitwao sean-nós, hauna chombo nyuma yake. Ni sauti peke yake, na mwimbaji mara nyingi hufumba macho. Usimshikie mapigo, usimtafutie gitaa.

Hatua ya saba: adabu, na nani wa kuzisema

Adabu za sesheni hazijaandikwa ukutani, ndiyo maana humchoma asiyezijua. Ninyi zisemeni wazi siku ya kwanza, kwa upole. Usipige lahani usiyoijua kwa kubahatisha. Sikiliza, au papasa kimya kimya. Usichezee chombo chako watu wakizungumza kati ya seti. Usiketi kwenye mduara wa kikundi kingine bila kuuliza kama kiti kina mwenyewe. Usimrekodi mtu kabla ya kumwomba.

Bodhrán (sema "bauroni") inahitaji neno lake. Ni ngoma ya fremu, ngozi ya mbuzi, hupigwa kwa kijiti huku mkono wa pili ukiikanda ngozi kwa ndani ili kubadili sauti. Kila anayeiona anadhani ndiyo rahisi, na sisi tuliotoka kwenye ngoma ndio tunaoikimbilia zaidi. Ngoma mbili pamoja zinaua mdundo, hivyo iwe moja kwa wakati, na mpigaji aijue lahani kama anayeipiga kwa filimbi. Gitaa na buzuki (chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu) vivyo hivyo: kimoja kinatosha, maana wawili wakichagua kodi (makundi ya noti zinazolia pamoja) tofauti lahani inachafuka. Wabadilishane zamu.

Jambo gumu kuliko yote ni fundi anayekimbia. Alitujia mmoja mwaka wa pili, banjo ilimtii kama mtoto wa kumzaa, na kila lahani aliyoigusa ilipanda kasi mpaka wanafunzi wakashusha vyombo mmoja mmoja. Wiki tatu nilinyamaza kwa heshima. Nilikosa. Watu wanne waliacha kuja, na wawili hawakurudi kamwe. Mwishowe nilimfuata nje, peke yake, wala si mbele ya watu, nikamwambia: "Kaka, tunakuhitaji uwe breki yetu. Kaa karibu na wale wapya uwashikie mwendo." Hakuwa amejua. Leo ndiye anayefundisha lahani ya wiki, na ana subira kunishinda. Usingoje wiki tatu.

Hatua ya nane: fedha, kamati na sheria

Mwaka wa kwanza usijitwishe mengi. Bati moja mlangoni, euro 3 kwa anayeweza, daftari la mapato na matumizi linaloonekana na wote. Chumba kikishalipwa na maziwa yakanunuliwa, kazi imekwisha.

Mkivuka watu kumi na watano au mkitaka kuomba ruzuku, undeni kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na katiba ya ukurasa mmoja. Fungueni akaunti kwenye chama cha akiba na mikopo cha mtaa, sahihi mbili kwa kila malipo. Halmashauri za kaunti hapa zina maafisa wa sanaa. Nendeni mkajitambulishe hata kabla hamjawa na ombi. Kwa watoto, Music Generation, mpango wa taifa wa elimu ya muziki ulioanza mwaka 2010, una vituo nchini na unafaa kuulizwa habari za vyombo vya kuazima.

Njia nyingine ni kuwa tawi la Comhaltas. Mnapitia bodi ya kaunti, mnapata wanachama wenye kadi, msaada wa mambo ya bima, na mlango wa mashindano ya Fleadh Cheoil, ambayo huanzia kaunti, hupanda jimbo, na kuishia fainali za Ayalandi nzima mwezi Agosti. Kwa Uingereza na Marekani pia wana matawi. Sisi tulisubiri miaka mitatu kabla ya kuamua, na sijutii kusubiri; tawi lina mikutano na ripoti, na kikundi kichanga kinahitaji kwanza kupiga.

Watoto wakiwepo, msifanye mzaha. Ayalandi tangu 2016, anayefanya kazi na watoto mara kwa mara, hata kwa kujitolea, ni lazima achunguzwe rekodi yake na polisi kwanza, na Uingereza kuna utaratibu wake. Kanuni rahisi tuliyoanza nayo: mtoto anakuja na mzazi, na mzazi anabaki chumbani. Faida yake ya pembeni ni kwamba wazazi watatu sasa ni wapigaji.

Leseni ya kupiga muziki hadharani (hutolewa na IMRO kwa Ayalandi, PRS kwa Uingereza) kwa kawaida huwa juu ya mwenye ukumbi. Muulize, pamoja na bima yake inawafunika vipi, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Hatua ya tisa: kutoka nje

Baada ya miezi sita hivi, watoeni watu nje ya chumba. Mahali pa kwanza pawe nyumba ya wazee. Pigeni seti tano za polepole alasiri ya Jumapili. Bibi mmoja tuliyemkuta, ambaye kwa kauli ya wauguzi hakuwa amesema neno wiki nzima, alianza kupiga mguu tulipoingia kwenye honipaipu, kisha akatutajia jina la lahani, jina ambalo hata nguzo wetu hakulijua. Tumeliandika kwenye daftari.

Baadaye nendeni kama wageni kwenye sesheni ya mji mwingine, watatu wanne, si kikundi kizima. Na kiangazi, mkiweza, nendeni Miltown Malbay, kaunti ya Clare. Kila Julai, tangu 1973, mji huo mdogo hufanya shule ya kiangazi kwa kumbukumbu ya Willie Clancy, mpigaji wa zumari za mfuko aliyekuwa mwenyeji wa hapo. Asubuhi ni madarasa ya vyombo vyote, na mchana mpaka usiku kila jiko, kila baa na kila ukuta una watu wanaopiga. Pangeni malazi mapema mno, na bebeni viti vya kukunja.

Mwaka jana tulikwenda saba kwa magari mawili. Baa zote zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni. Jirani yangu alikunjua kiti chake kando ya ukuta wa kanisa, akatoa konsatina na kuanza The Kesh kwa kasi yetu ya Jumanne. Nikaingia na filimbi. Tulikuwa hatujamaliza mara ya pili, mvulana mwenye fidla mgongoni akasimama, akatutazama, akauliza kama anaweza kuketi. Nilimsogezea kiti.